Valsi Tuliyoigeuza Kindu

Mimi sipendi kukosolewa. Naliweka hili mbele kabisa, msomaji asije akadhani naandika haya kwa unyenyekevu. Hata leo mjukuu wangu akiniambia nimefunga vifungo vya blauzi kombo, naviacha hivyo hivyo mpaka atoke chumbani, ndipo navifungua. Basi mtu wa tabia hii ndiye aliyepewa, katika miaka ya Zaire, kazi ya kuchora miguu ya valsi, ile dansi ya Wazungu ya wawili walioshikana wakizunguka, kwa ajili ya chuo kizima cha ualimu pale Kindu.

Somo lenyewe lilikuwa na jina refu: Historia na Uthamini wa Dansi ya Magharibi. Lilikuwa la saa mbili, kila alhamisi baada ya chakula, wakati sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, inapombembeleza mtu alale. Hakuna aliyejua nani aliliingiza kwenye programu yetu. Labda Wabelgiji walilisahau humo, kama mtu anavyosahau mwamvuli nyumbani kwa watu. Wakati huo tai ilikuwa marufuku, majina ya ubatizo marufuku, na kila asubuhi tulisimama mbele ya bendera tukacheza kwa mistari kumsifu Kiongozi kabla ya kuingia darasani. Halafu alhamisi mchana tuliketi tukiandika habari za mfalme wa Ufaransa aliyecheza mbele ya watu wake akiwa na viatu vyenye visigino vyekundu.

Katibu wa Chama pale chuoni alimuuliza mwalimu siku moja kwa nini anatufundisha mambo ya wakoloni. Mwalimu akamjibu bila kuinua sauti, akimwita raia kama sheria ilivyotaka: "Sitwayeni, muntu aliyekukanyaga miaka yote ile, hautaki kujua alikuwa anaweka muguu namna gani?" Katibu alicheka mpaka akakohoa, na somo likabaki.

Nilimpenda sana mwalimu yule. Alikuwa mwembamba, mwenye abakosi moja, lile koti la Kizaire lisilo na tai, ya rangi ya saruji mbichi, na kazi yake halisi ilikuwa kufundisha mazoezi ya viungo. Dansi ya Wazungu hakuwahi kuiona hata siku moja. Aliisoma Kisangani kwa kuandika aliyosomewa na mwalimu wake, na huyo mwalimu wake nadhani naye aliandika tu aliyosomewa. Hatukuwa na filamu, na umeme ulikuja ukitaka. Alipofika mahali pa msichana anayesimama juu ya ncha za vidole vya miguu, alishika meza kwa mkono mmoja akajiinua ndani ya viatu vyake vizito, uso ukimtoka jasho, akasema, "Hivi. Lakini bila meza." Mwezi wa kwanza tulimcheka mpaka machozi. Mwezi wa pili hakuna aliyecheka, kwa sababu tuliona kwamba mtu mzima huyu anakipenda kitu ambacho hatakiona, na hilo linamnyamazisha hata mwanafunzi mjeuri.

Kisha kikaja kitabu. Padri mmoja mzee alikuwa ameshuka kutoka njia ya Lubutu na masanduku yake, anarudi kwao moja kwa moja, akawa anangoja treni. Ndani ya sanduku moja mlikuwa na kitabu cha dansi. Kilikuwa cha Kiflamandi, lugha ambayo hakuna mtu chuoni aliyeweza kuisoma hata neno, lakini kilikuwa na michoro: nyayo nyeusi za mwanamume, nyayo nyeupe za mwanamke, namba na mishale. Mwalimu aliomba aazimwe mpaka treni iondoke. Anayeijua reli ya Kindu anajua kwamba huo ungeweza kuwa muda mrefu, ila safari ile, kwa bahati mbaya, treni ilitangazwa kuondoka kesho yake.

Ingawa nilikuwa mwanafunzi, mimi ndiye niliyekata stensili katika ofisi ya katibu wa chuo. Nilikuwa na mkono safi kuliko wote, na sikuchoka kuwakumbusha. Mwalimu aliniletea kitabu kikiwa kimefungwa ndani ya kitenge cha mke wake, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

"Mama, chora valsi. Kesho asubuhi kitabu kinaenda."

Stensili ya roneo, ile mashine ya kutoa nakala, ni karatasi ya nta, haipitishi mwanga, kwa hiyo huwezi kuiweka juu ya picha ukafuatisha. Nikatafuta akili. Nilipeleka kitabu nyumbani kwetu, mtaa wa Mikelenge, nikapaka karatasi nyepesi mafuta ya mawese, nikaianika juani mpaka ikawa inaonyesha kama kioo chenye vumbi. Mama yangu alilalamika kuhusu mafuta yake, nikamwambia ni kazi ya serikali. Niliiweka karatasi ile juu ya picha, nikafuatisha nyayo zote, mishale yote, na picha ya mwanamume na mwanamke walioshikana, kwa penseli laini. Kisha, ili mchoro uhamie kwenye nta, niliilaza karatasi kifudifudi juu ya stensili, nikaisugua kwa mpini wa kijiko. Penseli ikashika vizuri sana. Nikapita juu yake kwa sindano ya kuchorea, nikaandika namba upya kwa mwandiko wangu mzuri.

Aliyewahi kufanya kazi hii ameshaliona kosa langu. Mchoro ukilazwa kifudifudi, kushoto kunakuwa kulia, na mshale ulioenda huku unaenda kule. Mimi sikuliona. Niliona tu jinsi nyayo zilivyopendeza, nikajisifu moyoni. Asubuhi kitabu kilipanda treni pamoja na padri, na Kindu nzima ikabaki na valsi moja tu, ile ya kwangu.

Mwalimu alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Alisukuma meza za ukumbi wa kulia, akapiga magoti, akazihamisha nyayo zangu zote kwenye sakafu kwa chaki. Wanawake tulikuwa sita na wanaume zaidi ya thelathini, kwa hiyo wanaume wengi walicheza wenyewe kwa wenyewe, na aliyepangiwa kuwa mwanamke alifungwa kitambaa mkononi. Ugomvi wa kitambaa hicho ulichukua alhamisi mbili. Mwalimu alipiga makofi na kuimba kwa pua, moja mbili tatu, moja mbili tatu, nasi tukazunguka ukumbi. Baada ya miezi michache tulikuwa wazuri, nasema kweli. Hata wale waliokuwa wakija kutuchungulia dirishani ili watucheke walianza kuhesabu kwa midomo.

Langoni pa chuo palikuwa na mlinzi. Alikuwa mzee wa familia mojawapo ya zile za zamani za Waislamu wa mjini, jirani yetu kule Mikelenge, viwanja viwili kutoka kwetu, na tangu utoto nilimwita papa, yaani baba. Alivaa kofia nyeupe iliyofuliwa mpaka ikalainika, na kando ya kiti chake hapakukosekana birika la kutawadha. Msikitini alikaa safu ya mbele. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ya ujana wake hakuyasema kabisa.

Alhamisi moja, mwaka ukikaribia kutimia, mkurugenzi wa chuo alikuja kututazama. Mwalimu, kwa furaha, alimtuma mlinzi alete maji ya kunywa kwa ajili ya mgeni. Papa akatokea mlango wa jikoni akiwa amebeba sinia la glasi, na mimi niliyekuwa nikicheza upande ule nilishangaa jinsi alivyolibeba: juu, usawa wa bega, kwa mkono wa kushoto, vidole vimefunguka chini yake, mkono wa kulia ukiwa wazi. Hakuna mtu Kindu aliyebeba maji hivyo. Akapita kando ya ukuta wa madirisha, anatazama mbele, hakugeuka nyuma hata kidogo. Sisi tukamjia kutoka nyuma. Wavulana wawili waliokuwa wakizunguka kwa moyo wao wote walimgonga mgongoni, na glasi zote zikaenda chini mbele ya viatu vya mkurugenzi.

Tulingoja papa aombe msamaha, kama mtu yeyote angefanya.

"Kosa haiko yangu," akasema. "Hawa watoto wanazunguka kinyume."

Mkurugenzi akamuuliza yeye mlinzi anajua nini juu ya dansi ya Wazungu. Papa alimtazama mwalimu, kisha sisi, kisha vipande vya glasi. Baadaye nilielewa alikuwa anapima nini.

"Mimi nilikuwa boyi wa Serkle," akasema.

Serkle ilikuwa klabu ya Wazungu kando ya mto. Siku zetu ilikuwa imegeuzwa ghala la mchele.

"Miaka kumi na moja nilibeba pombe yao. Kila jumamosi walikuwa wanacheza ile muchezo yenu. Walikuwa wanakuja mbele yangu. Mbele, hapana nyuma. Plato, hii sinia, inabebwa na mukono wa kushoto, kando ya ukuta, na weye unaona muntu anakuja, unamukwepa. Kama walikuwa wanakuja nyuma, ningemaliza hata mwezi moja kwa ile kazi?" Akainua mkono wa kushoto mtupu, na kweli ulikunjika wenyewe mahali pake. "Mushike vingine. Muzunguke vingine. Hii njo kinyume."

Watu walicheka. Si kwa ajili ya valsi. Walicheka kwa sababu mzee wa safu ya mbele ametamka kwa kinywa chake kwamba alibeba pombe. Nami nilitabasamu, Mungu anisamehe. Papa aliona vicheko vyote, akasimama vile vile.

Mwalimu alikuwa amepauka. Mbele ya mkurugenzi wake, somo lake la pekee lilikuwa limeambiwa na mlinzi kwamba ni kinyume. Akasema kwa sauti ndogo, "Papa, ile iko ya kitabu. Kitabu haiwezi kudanganya."

"Njia ya mwongo ni fupi," mkurugenzi akasema, akifuta maji kwenye suruali. Akakata shauri pale pale: jumatatu asubuhi, mbele ya bendera na chuo kizima, mlinzi atamwomba mwalimu radhi kwa kusema uongo, au atakabidhi funguo za lango.

Kesho yake mchana nilikumbuka ile karatasi ya mawese. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye faili, kwa kiburi changu, kama mtu anavyohifadhi cheti. Niliitoa tu ili nijithibitishie kwamba mzee amechanganyikiwa. Nilisimama nayo mlangoni, jua likapita ndani yake, nikaona upande ule ambao penseli yangu ilipita. Kisha nikaiweka kando ya nakala ya roneo. Mwanamume wa kwenye karatasi ya mawese alimshika mwanamke kiunoni kwa mkono wa kulia. Mwanamume wa kwenye roneo alimshika kwa kushoto. Miguu yao ilitembea kama watu wawili walioagana njia panda.

Nilikaa chini kizingitini. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma. Kilikuwa hasira, kwamba mzee yule alikuwa sahihi.

Wakati huo bombani maneno yalikuwa yameshafika. Mwanamke mmoja alisema kumbe papa alikuwa anauza pombe. Wa pili akasema alikuwa anainywa pia. Kabla ndoo yangu haijajaa, alikuwa ameshakuwa mlevi wa zamani aliyefukuzwa na Wazungu. Nilijitwika ndoo yangu nikaenda. Nilijiambia kuomba radhi si kufa. Neno moja tu mbele ya bendera, dakika haifiki, na mzee anabaki na kazi, mwalimu anabaki na somo, na mimi ninabaki na mkono safi. Kila mtu angepata chake. Nilivyolipanga shauri hilo, lilikaribia kuonekana kama wema.

Jumapili nilimpelekea bakuli la karanga za kukaanga, nikamkuta ameketi barazani. Juu ya kigoda kando yake palikuwa na koti lake la ulinzi, limekunjwa, na funguo juu yake. Akaniitia chai. Nilizunguka na maneno, nikamwuliza hali ya mguu wake, hali ya mvua, mwishowe nikasema:

"Papa, kesho umwambie mwalimu tu, 'Unisamehe.' Neno tu. Watasahau."

Akaninyoshea kikombe. "Mama, ile pombe, niliishaomba Mungu radhi kwa ajili yake, zamani sana. Watu wa musikiti hawakujua, na leo wanajua. Ni haya, lakini iko haya yangu, nitaibeba." Akapuliza chai yake. "Lakini kusema sikuona kile nilichoona? Hapana. Sina shule, sina kitabu. Niko na hii moja tu ambayo nilijua vizuri. Nikisema nilidanganya, hata ile miaka kumi na moja itakuwa ya nani?"

Nilikunywa chai yake yote. Karatasi ya mawese ilikuwa nyumbani kwetu, hatua hamsini kutoka pale. Niliaga, nikaondoka, sikusema kitu, na mpaka leo sina neno la kujitetea.

Usiku ulipita kama unavyopita. Jumatatu nilitoka mapema, nikamngoja mwalimu mlangoni pa ofisi kabla watu hawajakusanyika. Sikuwa jasiri, nilikuwa nimechoka tu kumwona yule mzee akipuliza chai. Nikampa karatasi mbili, nikamwambia azibandike kwenye kioo cha dirisha.

Alitazama kwa muda mrefu. Akageuza moja, akairudisha. Akafuatisha nyayo kwa kidole, moja mbili tatu, midomo ikicheza. Nilingoja anifokee. Ningetamani anifokee.

"Mwaka muzima," akasema mwishowe. "Mwaka muzima tumetembea ndani ya kioo."

"Mwalimu, nitawaambia wote. Ni mimi."

"Weye ulichora. Mimi nilifundisha." Akakunja karatasi, akaziweka ndani ya mfuko wa abakosi. "Na mimi njo nilimwambia papa kitabu haiwezi kudanganya. Nilimwambia vile muntu aliyeona, mimi ambaye sikuona. Kaa kimya."

Nilikaa kimya. Na nitasema ukweli wote: nilishukuru.

Mbele ya bendera, baada ya nyimbo, papa alisogea mbele akiwa na koti lake mkononi na funguo juu yake, tayari kuzikabidhi. Mkurugenzi akafungua kinywa. Mwalimu alimtangulia. Akasema mbele ya chuo kizima kwamba mlinzi hakudanganya. Kwamba kitabu nacho hakikudanganya. Kwamba aliyekosea ni yeye, mwalimu, aliyegeuza mchoro na kufundisha kinyume, na kwamba anamwomba papa radhi. Alisema kwa Kifaransa kwanza, kwa ajili ya mkurugenzi, kisha kwa Kiswahili, kwa ajili ya papa. Halafu akainama, mwalimu wa chuo, mbele ya mlinzi wa lango. Mtu kama huyo utamlipa nini?

Papa alibaki amesimama na koti lake. Hakujua aliweke wapi. Akalivaa.

Mwalimu hakutaka kungoja alhamisi. Alimwomba mkurugenzi saa moja tu, naye mkurugenzi, ambaye nadhani alikuwa ameona haya kidogo, akatoa, akaja mwenyewe. Mwalimu akapiga magoti ukumbini na kitambaa chenye maji, akafuta nyayo zote za chaki. Kisha akamwita papa katikati.

"Tupange, papa."

Mwanzoni papa alitupanga kwa aibu, akitugusa mabega kwa ncha za vidole. Lakini kazi ina kumbukumbu yake. Dakika chache baadaye alikuwa anaamuru: "Weye, mukono ule mwingine. Muzunguke huku, mutoke jikoni, mupite mlangoni, murudi. Usivute mwenzako kama gunia." Tuligongana vibaya sana. Miguu iliyozoea mwaka mzima haikubali kuhamishwa kwa neno moja, na wavulana wawili walianguka wakalaumiana. Baada ya muda, polepole, ukumbi ulianza kugeuka. Papa akachukua sinia tupu, akalipandisha begani, akapita ukutani dhidi yetu. Tulimjia usoni, naye akatupitia mmoja mmoja, bega huku, kiuno kule, bila kumgusa mtu. Mkurugenzi akapiga makofi peke yake.

Mwalimu alimkalisha, akatoa daftari lake. Miaka yote alifundisha jambo hili bila shahidi, na sasa shahidi alikuwa mbele yake, akivuta pumzi, sinia magotini. Maswali yakamtoka kama mvua. Walivaa viatu gani? Sakafu ilipakwa nini? Muziki ukisimama, walisimama pale pale au walimaliza mzunguko? Papa alijibu yote. Alieleza visigino vilivyokwaruza nta, ambayo wao maboyi waliisugua upya kila jumapili. Alieleza bibi mmoja aliyevua viatu chini ya meza na kucheza na soksi. Alimkumbuka bwana mnene wa reli aliyekuwa mzito akitembea na mwepesi akicheza, na jinsi mtu aliyekunywa sana alivyojulikana kwanza kwa mguu wa kulia kabla ya ulimi. Mwalimu aliandika bila kuinua kichwa.

"Na nyuso zao, papa? Wakicheza, nyuso zao zilikuwa namna gani?"

Papa aligeuza sinia upande mmoja, akaligeuza tena.

"Nyuso sikuona, mwalimu."

"Miaka kumi na moja?"

"Tulikatazwa. Boyi akimwangalia madamu usoni, kesho hana kazi. Walitufundisha siku ya kwanza: macho chini. Njo sababu najua miguu."

Mwalimu aliacha kuandika. Penseli ilibaki juu ya karatasi na haikuenda popote. Hakuna aliyecheka safari hii, hata wale wa nyuma ambao hucheka kila kitu. Kisha mwalimu aliinuka, akaenda akakichukua kiti cha mkurugenzi, chenye mto, mkurugenzi mwenyewe akiwa amesimama kando yake, akakileta katikati ya ukumbi.

"Ikala hapa, papa. Leo utaangalia juu."

Tukaanza tena, moja mbili tatu, tukimzunguka. Mara ya kwanza papa alitazama sakafu, kwa mazoea. Mwalimu akamgusa bega. Akainua macho kidogo, akayashusha, akayainua tena, na nikaona anaanza kutupitia mmoja baada ya mwingine, wale wavulana wenye vitambaa, wanatoka jasho, wanauma midomo kwa kuhesabu, na ndevu zake zikaanza kutikisika kwa kicheko. Alikuwa anatuangalia kama mtu anayefungua zawadi taratibu ili isiishe.

Nikajua zamu yangu inakuja. Mwalimu alikuwa ameomba radhi kwa niaba yangu mbele ya chuo kizima, nami nilikuwa nimenywa chai ya mzee huyu na kumwomba ajiite mwongo. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na mwalimu. Nilipofika mbele ya kiti, papa alinitazama usoni, kwa furaha, mtoto wa jirani yake, na mimi ndiye niliyeshusha macho. Nikaona viatu vyake tu, vimefungwa kwa kamba ya katani.

Valsi haikungoji uwe tayari. Ilinichukua mpaka mlangoni, ikanipitisha jikoni, ikanirudisha pale pale. Safari hii nilimwachia mikono mwenzangu, nikasimama mbele ya kile kiti, nikamtazama.

"Papa, haikuwa mwalimu. Mimi njo nilichora. Tangu ijumaa nilijua. Nilikuja kwako jumapili nikiwa najua."

Kicheko kilikuwa bado kwenye ndevu zake. Alinitazama hivyo hivyo, macho juu. Kisha macho yake yakapita bega langu, na mkono wa kushoto ukainuka wenyewe, kama uliobeba sinia.

"Usisimame, mama," akasema. "Wenzako wanakuja nyuma."